Mstari wa nne

Jamani naomba niwasimulie hii maana mpaka leo nikikutana na watu niliosoma nao IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa kimataifa, wananiita Rasta, na mi kichwa changu ni kipara tangu nikiwa chuo.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa naomba masters Uingereza, chuo kikanijibu poa tunakuchukua ila tuletee IELTS ya 6.5 kati ya 9. Nikasema ah, hiyo tu? Kiingereza nimesomea tangu form one, nimeandikia ripoti za ofisini miaka sita, kitanishinda nini. Kumbe bana ule mtihani wa kuandika upande wa Academic, yaani wa wanaoenda chuo, una maswali mawili ndani ya saa moja, la pili ni insha ya maneno 250, hiyo mtu unajitetea tu, unatupia na methali ya babu ukiitafsiri. La kwanza sasa! Wanakuwekea grafu, au jedwali, au mchoro wa jinsi sementi inavyotengenezwa, afu unaambiwa elezea, maneno yasipungue 150, na wanakushauri usizidishe dakika 20 kwasababu lile la pili lina uzito mara mbili. Na hutakiwi kutoa maoni. Hutakiwi kusema kwanini.

Hapo kwenye kwanini ndo panapotumaliza sisi. Yaani mswahili umwambie nyanya zimepanda bei halafu anyamaze? Lazima amalizie na mvua, barabara mbovu, madalali wa Ilala na shemeji yake aliyelima zikamuozea shambani. Huku wao unasema zimepanda, kutoka hapa mpaka hapa, mwaka huu mpaka ule, basi, funga mdomo. Wenzetu wa General, wale wa kazi na kuhamia, wao hapo kwenye la kwanza wanaandika barua tu ya kumlalamikia mwenye nyumba, niliwaonea wivu sana.

Nikatafuta darasa la jioni maeneo ya Mwenge, tulikuwa watu saba na Madam wetu, mama mmoja mpole ila ana maneno ya taratibu yanayochoma. Wiki ya kwanza tu niliandika kwamba mwaka 1995 the train fell sharply. Madam akaisoma, akavua miwani, akaniuliza, "Kulikuwa na majeruhi?" Mi sielewi. "Umesema treni ilianguka ghafla. Nauliza abiria walipona?" Kumbe kinachoshuka ni idadi ya watu wanaopanda treni, sio treni yenyewe. Darasa zima hoi. Siku nyingine tukapewa mchoro wa chai kutoka shambani mpaka kwenye pakiti, kule wanapenda sentensi za kutendwa, is picked, is dried, nikajichanganya na kutendwa kwangu nikaandika mkulima anachumwa, anakaushwa, anafungwa kwenye magunia. Madam akasema pole yake.

Ila kuna kitu alinifundisha sitakisahau, tofauti ya rose by na rose to. Nilikuwa naziona kitu kimoja. Akaniambia, "Mwanangu, mshahara wako ukipanda kwa laki tano na ukipanda hadi laki tano, utafurahi sawasawa?" Dah. Kuanzia siku ile sijakosea tena, na hili mlikumbuke maana litarudi.

Sasa Ijumaa moja Madam akaja na karatasi moja ya zoezi, grafu ya mistari mitatu, watu wa mji fulani wanaosafiri kwa basi, treni na gari binafsi, kuanzia 1980 mpaka 2010. Basi ni mstari wa nukta nukta, treni vistari vistari, gari mstari mnene. Akasema nani anakaa karibu na steshenari akatutolee kopi, kila mtu akaifanyie nyumbani kwa dakika 20 kama mtihani, Jumatatu tunasahihisha. Nikajitolea mimi. Kopi shilingi mia, saba ni mia saba, dada wa steshenari akanitolea huku anaongea na simu kaibana na bega, hata kuzikagua sikuzikagua, nikagawa kwa wenzangu pale stendi, ile orijino nikamrudishia Madam, nikapanda daladala.

Jumapili usiku nakaa mezani, naweka simu dakika 20, nafungua karatasi. Mistari minne.

Nikahesabu tena. Pembeni kwenye ufunguo wameandika basi, treni, gari, vitu vitatu. Ndani mistari ni minne. Huu wa nne ni mwembamba, mweusi tii, unaanzia nje kabisa ya grafu juu kushoto, unaingia kwa madaha, unashuka taratibu mpaka karibu na 1995, afu unajikunja, unarudi nyuma mpaka 1985, unajizungusha kama mkia wa mbuzi, ndo unatokea chini kwa kupita katikati ya neno Year. Mtu mwenye akili timamu angeshtuka hapo. Mi nikasema ahaa, huu ndo mtego wa wazungu, wanataka kuona nani yuko makini.

Dakika ya tano simu inaita, jamaa yangu mmoja wa darasani.

"Kaka umeiona hiyo ya nne?"

"Nimeiona."

"Ni nini hiyo?"

"Hawajasema. Elezea tu, usitoe maoni."

"Mi nadhani bodaboda."

"Kwanini bodaboda?"

"Si inarudi nyuma? Nani mwingine anapita wani wei kinyume?"

Nikamwambia hiyo ni maoni, utakatwa maksi. Nikarudi kwenye kazi yangu, na niseme ukweli bila kujisifu, sijawahi kuandika Kiingereza kizuri kama usiku ule. Basi na treni niliwapa sentensi moja moja za kuondoa lawama. Mstari wa nne niliupa aya nzima. Mpaka kwenye ule muhtasari wa juu, ambao Madam anasema usipouweka umejichinja mwenyewe, nikaandika Overall, the fourth line was by far the most unstable.

Jumatatu Madam anakusanya, ya kwanza kuivuta ni yangu. Anasoma kwa sauti, anafika pale, anapunguza mwendo.

"The fourth line, which is not named in the key, entered from outside the graph... fell by 40 until 1995, then turned round and went back to 1985."

Akanyamaza. Akanitazama.

"Ulirudi?"

"Ndio Madam."

"Kwenye muda?"

"Sio sana Madam. Miaka kumi tu."

Naona midomo yake inacheza. Akaweka yangu pembeni akachukua ya jamaa yangu, akakuta motorcycles. Ya tatu, mstari wa nne ni watembea kwa miguu. Ya nne, mzee mmoja wa makamo anayefanya kazi bandarini yeye kaandika ni meli. Madam akaanza kuhema kama mtu anayepandisha ngazi, akafungua mkoba, akatoa ile orijino yake akaiweka juu ya meza. Tukasogea wote. Mistari mitatu. Misafi. Hakuna kinachorudi 1985.

Kimya kikatanda. Ndo akasikika dada mmoja wa benki aliyekaa nyuma, yule asiyeongeaga, "Mi niliona ni unywele. Nikajaribu kuukwangua na kucha, haukutoka, nikauacha." Tukamgeukia, sasa mbona hukutuambia? Akasema, "Mlikuwa mnapigiana simu wenyewe kwa wenyewe, mi nani alinipigia?"

Madam alicheka mpaka akakaa chini, machozi anayafuta na kanga. Alipotulia akasahihisha hivyo hivyo, na hapa ndo paliponiuma, kasema kwenye kujibu swali nimeharibu, huwezi kutoa aya nzima kwa kitu kisichokuwepo, ila ile aya ya unywele ndo ina sarufi safi kuliko zote nilizowahi kumwandikia, by na to zote zimekaa mahali pake, mpaka wakati uliopita hauna kosa. Akanishauri siku ya mtihani nizipende na data za kweli vilevile.

Jioni nikapitia steshenari. Sikwenda kwa ugomvi, nilitaka tu kuuona. Dada akainua mfuniko wa mashine, na kweli, kwenye kioo pembeni kumebaki gundi ya selotepu na gundi imeshika uzi wa rasta, wa kwake mwenyewe, rangi ya damu ya mzee, umejikunja vilevile nilivyoueleza, pale pa 1995 palepale. Akaubandua na ukucha akauangalia kwenye mwanga. "Ohoo, ndo maana kuna baba karudi hapa juzi amefura, anasema cheti cha kuzaliwa cha mwanae kimechorwa." Afu akaniangalia na kipara changu, akaona huyu hawezi kusingiziwa. "Nikurudishie mia saba yako kaka?" Nikamwambia acha tu.

Mtihani wenyewe nikaja kufanya miezi miwili baadaye, ule wa kwenye kompyuta, swali liko kushoto, kulia ndo unaandika na maneno yanajihesabu yenyewe. Jina la Rasta lilishaenea na nilikuwa nimejiapiza kabla sijaandika chochote nahesabu mistari kwanza. Grafu ikafunguka. Nikahesabu, iko sawa na ufunguo, nikashusha pumzi, nasogea kusoma maelezo ya juu yake naona kamstari kadogo keusi, kembamba, kamesimama katikati ya sentensi. Hapana. Safari hii hapana. Nikalamba kidole nikakafuta. Hakatoki. Nikaweka ukucha, nakwangua kioo taratibu, kwi kwi kwi, chumba kizima kimya, mpaka msimamizi akaja akainama sikioni kwangu.

"Kuna tatizo kaka?"

"Kuna unywele hapa, nautoa."

Akanyoosha mkono mpaka kwenye mausi yangu, akaisogeza kidogo. Unywele nao ukasogea.