Ukurasa 312, Herufi C

Kabla watu hawajaanza kununua vitu kwa kugusa kioo cha simu, Wamarekani walikuwa na kitabu. Nakiita kitabu kwa heshima tu. Lilikuwa dubwana la kurasa zaidi ya elfu moja, na likikuponyoka usiku, mpangaji wa chini anagonga dari kwa mti wa ufagio. Humo ndani kuna suruali, matairi, sufuria, pete za uchumba, vyote vimepigwa picha na kupewa herufi. Unachagua, unajaza fomu iliyobanwa katikati au unapiga simu ya bure, na baada ya muda mzigo uko mlangoni. Montgomery Ward ndiye aliyeanza mchezo huo kule Chicago mwaka 1872, kwa karatasi moja tu ya bei. Sears wakafuata, na mwaka 1933 wakatoa kitabu cha Krismasi peke yake, chenye wanasesere, saa za Mickey Mouse na ndege hai wanaoimba. Ndege hai, kwa oda!

Sasa, kitabu kimoja cha namna hiyo, cha kampuni nisiyoitaja, kilifika kijijini kwetu Marangu. Aliyekileta ni mzungu wa kujitolea, na alipoondoka alikiacha pamoja na miwani iliyovunjika. Kikaenda kwa fundi cherehani, akanakili mishono yake. Kikaenda kwa fundi seremala. Kiliporudi nyumbani kwa kaka yangu hakikuwa na jalada mbele wala nyuma, na hakuna aliyejua ni cha mwaka gani. Hakuna aliyejali, pia. Neno la Mungu nalo ni la zamani na linafanya kazi.

Mimi wakati huo niko Minneapolis, Marekani, mwaka 1990, najiandaa kuja nyumbani Krismasi. Ikanifikia aerogramu ya bluu kutoka kwa watoto wa kaka. Kifungua mimba ndiye aliyeandika, kwa ule mwandiko wa kufinyangwa na viboko:

"Shikamoo Bamdogo. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Madhumuni ya barua hii ni kukujulisha zawadi tunazoomba. Mimi: ukurasa 312, herufi C. Dada: ukurasa 540, herufi A. Kitinda mimba: ukurasa 877, herufi F. Bibi anakusalimu sana, anasema asijisumbue mtu, lakini yeye ni ukurasa 96, herufi B."

Basi. Hakuna jina la kitu hata kimoja. Nafasi iliyobaki walimpa mchungaji anisalimie.

Nikachukua kitabu changu, cha kampuni ileile, kipya kabisa. Ukurasa 312, herufi C: mizani ya bafuni, ile ya kusimama juu yake. Mtoto wa miaka kumi na minne! Ukurasa 540, herufi A: seti ya chooni, manyoya ya waridi, vipande vitatu. Ukurasa 877, herufi F: koleo la aluminiamu la kuzolea theluji. Huyo ni kitinda mimba, miaka sita.

Mwingine angeshtuka. Mimi machozi yalinilenga. Kaka alikuwa ameniandikia kwamba anajenga nyumba ya tofali yenye choo cha ndani, na hawa watoto, badala ya kuomba michezo, wanamsaidia baba yao kumalizia nyumba! Mizani ni ya kupimia kahawa kabla ya kuipeleka chama cha msingi cha wakulima. Koleo ni la kutolea samadi zizini. Kazini kwangu kila mzazi analalamika mwanawe anataka Nintendo. Niliwapitia mmoja mmoja nikiwaeleza malezi ya Kichaga, mpaka wakaanza kuhama meza nikiingia kula.

Tatizo lilikuwa Bibi, yaani mama yangu mzazi. Ukurasa 96, herufi B: nguo ya ndani ya kike ya kubana tumbo. Nikafunga kitabu. Nikakifungua tena. Bado ilikuwa pale pale, imevaliwa na mama mmoja anayecheka. Nikajiambia labda ni ushauri wa daktari, mgongo unamsumbua. Nikapiga simu. Dada wa oda akauliza rangi, nikasema yoyote. Akauliza saizi. Kuna maswali ambayo mtoto wa kiume hapaswi kuulizwa kuhusu mama yake. Tulinyamaza wote wawili, kisha nikasema, "Wastani," nikakata simu.

Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, afisa wa forodha alilitoa koleo kwenye mfuko akaligeuzageuza.

"Hili la kazi gani, kaka?"

"La kuzolea theluji."

Akatazama upande uliko mlima, akanirudia. "Unaenda kuipunguza?"

Asubuhi ya Krismasi ukoo mzima umekaa, mtori uko jikoni, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshaanza kuzunguka tangu alfajiri. Nikagawa. Kifungua mimba alifungua lake, akaichungulia mizani chini, akaitikisa, akaisogeza sikioni. Akauliza kwa adabu, "Bamdogo, inawashiwa wapi?" Kitinda mimba alilikumbatia koleo lililomzidi kimo, akaangua kilio cha mtu aliyefiwa. Bibi aliifungua ya kwake mbele ya mashemeji zake, akaifunga, akasema anakwenda kuangalia moto.

Ndipo kijana akaenda chumbani akaleta kile kitabu kisicho na jalada. Ukurasa 312, herufi C: redio kaseti yenye spika mbili. 540A: mwanasesere anayefumba macho. 877F: baiskeli nyekundu. 96B: koti la baridi, refu, la heshima.

Mpaka leo nasema kosa si langu. Niliomba ukurasa nikapewa ukurasa. Kampuni inayobadilisha kurasa kila msimu bila kuwajulisha wasomaji wake wa Marangu, hiyo ndiyo ya kuulizwa.

Lakini kitu kikishafika Uchagani hakirudi dukani. Binti alikuwa wa kwanza kupata akili. Kile kipande cha mviringo cha kuvalishwa kifuniko cha choo kina mpira ukingoni. Alikivaa kichwani, kikakaa. Zulia lililokatwa mbele ili lizunguke mguu wa choo, akaliweka mabegani, shingo ikaingia pale pale penye pengo. Akatinga kanisani na kofia na kola vya manyoya ya waridi, vinafanana hadi uzi. Nilikaa kwenye benchi naangalia miguu yangu. Ibada ilipokwisha mke wa mchungaji alinivuta pembeni, akaniuliza kama ipo ya zambarau.

Mizani ikawekwa uwanjani na watu wakapanga foleni. Inasoma kwa ratili, si kilo, kwa hiyo mjomba wetu mnene alipopanda akatajiwa mia mbili na arobaini na kitu, akashuka akakaa kimya mpaka jioni. Mchana wakaleta mbuzi. Mbuzi hasimami kwenye mizani, basi kijana mmoja akapimwa amembeba mbuzi, akapimwa tena bila mbuzi, na kutoa kukafanyika kwa kijiti ardhini, wazee watano wanabishana na jibu. Bei ya yule mbuzi ilishuka mara mbili kabla kisu hakijafika shingoni.

Koleo lilipata kazi ya kugeuzia kahawa kwenye kichanja. Kitinda mimba alinisamehe nilipomfungia kamba kwenye mpini akaburutwa nalo mtelemko mzima wa kihamba, shamba letu la ukoo, na kesho yake watoto wa jirani wakawa wanalipia zamu kwa ndizi mbivu. Ile nguo ya Bibi niliikuta siku ya tatu kwenye banda. Alikuwa ameivuta, ikavutika, ameiachia, ikarudi, akaona mpira mzuri kama huo hautupwi. Imefunga mlango wa mbuzi.

Jioni, katika kujitetea, niliwaeleza kuwa hivi vitabu si vya kuchezea, kwamba tangu 1908 hadi 1940 Sears waliuza hata nyumba nzima: mbao, misumari, rangi na michoro, vyote vinapakiwa kwenye treni, mwenye nyumba anaenda stesheni kuipokea. Walicheka sana. Kaka yangu, ambaye choo chake cha ndani kilikuwa bado ni shimo na matofali manne, hakucheka. Alinisubiri wengine walipoingia ndani, akanijazia kata ya mbege hadi juu.

"Hiyo ya nyumba," akasema, "wanaileta mpaka Marangu, au tunaichukulia Himo?"