Bakteria wa vilindini hawateseki huko chini

Nimesoma tena, safari hii katika makala iliyosambazwa na kusifiwa sana, kwamba vijidudu vya vilindi vya bahari vinateseka chini ya uzito wa maji na kwamba vinaponea chupuchupu. Imeniudhi, kwa sababu jeni zao zenyewe zimekuwa zikitoa ushahidi wa kinyume kwa miaka mingi.

Mtazame Photobacterium profundum SS9, bakteria aliyepatikana katika Bahari ya Sulu, kwenye kina cha mita 2,500 hivi. Hustawi zaidi kwenye mgandamizo wa megapaskali 28, ambao ni karibu mara 280 ya ule wa hewa inayotuzunguka. Akiwa katika hali hiyo huwasha jeni ya ompH, inayounda protini ya vitundu vya utando wa nje wa seli. Mgandamizo ukishushwa hadi kiwango chetu, ompH hufifia na jeni nyingine, ompL, hushika nafasi yake. Anayeamua ni ToxR, protini iliyopachikwa kwenye utando wa ndani, na ambayo wengi waliijua kwanza kwa bakteria wa kipindupindu. Hata hivyo, lililonigusa zaidi lilijulikana mwaka 2005, jenomu ya SS9, yaani jumla ya jeni zake zote, ilipochapishwa: kwenye mgandamizo wa kawaida wa hewa, bakteria huyu huongeza kazi ya jeni kama dnaK na groEL, ambazo protini zake husaidia kukunja sawasawa protini nyingine wakati wa dhiki. Dhiki yake, basi, iko huku juu kwetu. Naye bakteria mwingine, MT41 wa Mfereji wa Mariana, aliyeripotiwa mwaka 1981, hakui kabisa akiletwa kwenye mgandamizo huu.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. RNA inayobeba ujumbe wa jeni ndani ya bakteria, ambayo ndiyo huonyesha ni jeni ipi inafanya kazi, kwa kawaida hudumu dakika chache tu, ilhali chupa ya sampuli ya maji huweza kuchukua saa nzima au zaidi kuvutwa kutoka kina cha maelfu ya mita, huku mgandamizo ukishuka na maji yakipata joto. Kuisoma RNA hiyo kwenye sitaha ya meli na kudai kwamba ndiyo maisha ya kilindini ni sawa na kumvua samaki, kumtupa mchangani, kisha kuandika kwamba kutapatapa ndiyo desturi yake.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba vifaa vya kutia dawa ya kuhifadhi sampuli kulekule chini ni ghali na hubeba maji kidogo. Nakubali pia kwamba DNA haibadiliki kwa safari ya saa moja, kwa hiyo orodha za jeni zilizokusanywa bado zina thamani. Lakini orodha ya jeni haisemi ni ipi iliyokuwa ikifanya kazi, na hilo ndilo swali lenyewe. Kila ripoti ya RNA ya vilindini ingepaswa kueleza waziwazi sampuli ilihifadhiwa kwenye kina gani, ilichukua muda gani kupanda, na ilifika juu ikiwa na joto kiasi gani. Isipoeleza, mhariri airudishe.