Nilivyogeuka kuli kisa samaki

Jamani nakiri, nilimfuatilia jirani yangu saa kumi alfajiri nikinyata kama mpelelezi, na sababu ni samaki tu, hayo mengine mnayoyawaza hayapo.

Kuna mama mmoja nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtu mzima, mpole, salamu zake haziishi, ila siku akipika samaki majirani wote tunakosa amani. Na si mapishi, maana mke wangu alishaelekezwa mpaka chumvi inatiwa saa ngapi na bado kilichotoka jikoni kilikuwa sponji. Siri iko anakonunua, na ukimuuliza anacheka tu, "kwani wewe unanunua wapi?" halafu anakuuliza habari za watoto.

Mimi nilikuwa nimeshapigwa kila kona. Nyanya ndoo nzima, za juu zinang'aa unajiona sura, ukifika katikati unakuta juisi. Mayai "ya leo leo" niliyatia kwenye bakuli la maji yakaanza kuogelea yote kama bata, na yai likielea ujue limekaa sana, unyevu umetoka kidogo kidogo kwenye ganda hewa imechukua nafasi. Zafarani ndo usiseme kabisa! Nimeuziwa kikopo kwa mbwembwe zote, nafika nyumbani natia kwenye maji ya moto, sekunde hiyo hiyo maji mekundu na nyuzi zenyewe zimebaki nyeupe, wakati ya kweli inatoa rangi polepole, njano ya dhahabu, na uzi unabaki na wekundu wake. Nililipia nyuzi zilizopakwa rangi, na asante nikasema.

Basi siku hiyo nikasikia geti la mama linalia, nikaruka kitandani, sweta la kofia nikalivuta mpaka machoni, taa sijawasha nisimwamshe mke wangu, miguu ikapapasa ndala mlangoni nikachomoka. Nikamfuata mpaka soko la jumla la samaki ambalo mi nilikuwa nalipita kila siku najua ni la wenye mahoteli tu, kumbe yeyote anaingia ilimradi awahi.

Kule ndani sakafu inateleza, makreti yamepangwa mpaka juu, watu wanapiga kelele hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mama akageuka ghafla. Nikainama haraka nikajifanya nafunga kamba za viatu, na nina ndala. Kabla sijainuka nikasikia "We! Umekuja kulala? Beba hii!" na kreti la barafu na samaki likatua kichwani kwangu. Sijui nilikubali vipi, mikono ilishika yenyewe. "Mfuate yule mama," jamaa akasema, mzigo ni wake.

Sasa nikawa namfuatilia kwa amri.

Na hapo ndo nikasoma shule ambayo nilikuwa nabembeleza miaka yote. Mi nikienda kununua samaki huwa nimeshaamua jina lake toka nyumbani, nikimkosa aliye mzima nachukua huyo huyo aliyechoka. Mama hana jina lolote. Anafika mezani anauliza, "Kilichoingia leo ni kipi?" basi, na muuzaji akianza kumsukumia kingine anasonga mbele. Akipenda anafunua shavu la samaki kwa kidole, likiwa jekundu anaendelea, likiwa la kahawia anarudisha bila neno. Anabonyeza mgongoni, nyama ikirudi sawa, inabaki, ikiacha shimo la dole gumba anamwangalia muuzaji mpaka muuzaji anaangalia pembeni. Macho lazima yawe yametuna na maangavu. Halafu ananusa. "Huyu ananuka samaki," akasema mara moja, na muuzaji akamtoa yule samaki bila ubishi! Maana samaki mzuri hanuki samaki, ananuka maji alikotoka. Nilitamani kuandika, ila kreti lilikuwa na tundu, maji ya barafu yakanianzia kisogoni yakashuka mgongoni taratibu yakatafuta njia mpaka mahali ambapo sitapataja hapa.

"Kijana, simama wima, unamwaga," mama akaniambia. Ukweli nilifurahi kidogo, nina zaidi ya arobaini na ni muda sijaitwa kijana.

Tukafika kwenye gari. Akawasha taa, nikainama kushusha mzigo, mwanga ukapiga miguuni kwangu. Ndala za pinki, zenye ua la plastiki juu. Za mke wangu, na zimenifika nusu ya unyayo.

Mama akanyamaza. Halafu akanikamata mkono wa sweta kwa nguvu ambazo sikuzitegemea. "Hizi ndala umezitoa wapi? Hizi nimemnunulia jirani yangu kwa mkono wangu! Umeingia nyumba ya watu wewe!"

Makuli wenye kazi yao halali wakaanza kusogea, tena kuna mmoja alikuwa ananiangalia muda mrefu, anajiuliza huyu mgeni katokea wapi anamlia riziki. Ikabidi nivue kofia. "Mama, shikamoo... ni mimi."

"Marahaba," akajibu kwa mazoea, kisha akanitazama, akatazama ndala, akanitazama tena, akakaa juu ya kreti akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kila akijaribu kuuliza kitu anaona lile ua anaanza upya. Alipopata pumzi akanilipa ujira wangu kamili. Nikakataa, akasema kazi ni kazi, yule kuli akadai nusu yake nikampa bila kubishana.

Nyumbani mke wangu yuko mlangoni, pekupeku. Aliangalia sweta linalochuruzika, akaangalia miguu. "Umetoka wapi na ndala zangu?" Nikamnyooshea samaki wawili niliopewa na mama. Aliwafunua mashavu, akanusa, akaenda zake jikoni, ndala hakuzidai tena na nadhani kwa ile harufu hatazidai.

Siku hizi kila Jumamosi alfajiri simu inalia, meseji ya mama, ni ile ile kila wiki: "Kumi kamili. Vaa viatu."