"Alaa!" au "Hivi Kweli?": Kuzipima Gemu za Kutafuta Vitu Vilivyofichwa

Stoo ya jumba bovu. Mwanga hafifu, utando wa buibui, na rundo la vitu ambalo hakuna mwenye akili timamu angelipanga hivyo: fidla isiyo na nyuzi imelala juu ya nanga, kofia imetundikwa kwenye pembe za swala, na pweza (ndiyo, pweza) amejibanza nyuma ya saa ya ukutani. Chini ya skrini pana orodha ya vitu 12. Kumi na kimoja nimeshavipata. Umebaki ufunguo, nao nimeutafuta mpaka macho yamewasha. Mwishowe nikabofya kidokezo, na vimulimuli vikaizunguka fremu ya picha iliyo kona ya kulia. Ufunguo ulikuwa pale pale, umechorwa kama sehemu ya nakshi, mpini wake ukiwa ndio ukingo wa fremu. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimeupitia mara kumi.

Picha iliyofuata ilinitaka nitafute glavu. Nikahangaika vile vile, nikabofya kidokezo vile vile, kikanionyesha kiraka cheusi ndani ya kivuli cheusi, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Hapo sikucheka.

Gemu ni moja, picha zimefuatana, na muda niliopoteza haukutofautiana sana. Lakini ya kwanza ilinifanya niseme "alaa!" na ya pili "hivi kweli?" Watu wanaobishana kuhusu gemu hizi karibu kila mara hubishania kama ni nyepesi mno. Nadhani wanabishania kitu kisichostahili.

Kwa asiyezijua, hizi ni gemu ambazo hadithi yake, mara nyingi ya upelelezi au uchawi, husogea kwa kutafuta. Unakuta mlango umefungwa, na tundu lake lina umbo la kipepeo; basi unajua mahali fulani humo ndani yumo kipepeo wa shaba. Ili umpate unafungua kabati, kabati linakumwagia picha iliyojaa vikorokoro na orodha ya vya kutafuta, na ukimaliza, kimojawapo kinaingia mkobani mwako. Katikati kuna mafumbo ya kuzungusha pete, kupanga vigae na kuoanisha alama. Mystery Case Files: Huntsville ya Big Fish Games, iliyotoka mwaka 2005, ilikuwa miongoni mwa zilizoonyesha kwamba orodha na picha iliyofurika vinaweza kuuza. Ile ilikuwa na saa inayokimbia, na mbofyaji ovyo alikatwa muda. Miaka iliyofuata saa iliondolewa katika gemu nyingi za aina hii, hadithi ikanenepa, mchezaji akapewa nyumba nzima ya kuzurura, na studio kama Artifex Mundi ya Poland zikachora mandhari ambayo mtu angeweza kuyakodolea macho tu hata bila kucheza.

Kuondoka kwa saa ndiko kulikozua kesi.

Upande wa mashtaka husema hivi: gemu isiyoweza kukushinda ina nini cha kuitwa gemu? Hufi, huanzi upya. Ukikwama, kidokezo hujijaza tena baada ya muda mfupi. Ramani inakurusha hadi chumba chenye kazi. Fumbo likikushinda lina kitufe cha kuliruka. Mtu anaweza kufika mwisho wa hadithi kama abiria aliyesinzia kwenye basi. Halafu zote zimefanana. Mpelelezi anafika kijijini usiku wa mvua, gari linaacha njia kwa sababu kuna kiumbe kimekatiza mbele, mtoto au mchumba anatekwa hata hujakaa vizuri kitini, na mtekaji amevaa barakoa. Waovu wa gemu hizi wana ugonjwa mmoja wa kurarua shajara zao na kuangusha ukurasa katika kila chumba wanachopita. Nimecheza za kutosha kumtambua mkosaji kabla hajatenda: ni yule mzee mpole anayekuazima taa mwanzoni.

Yote hayo ni kweli, na utetezi unaojaribu kuyakanusha unajipotezea muda. Utetezi wenye maana husema kwamba wachezaji wanayajua na wanayapenda. Anayefungua gemu hii usiku baada ya kutwa nzima ya kazi hatafuti adui. Anatafuta kazi ndogo yenye mwisho: vitu kumi na viwili, vimepatikana, pumua. Msomaji wa hadithi za upelelezi naye anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba muuaji atakamatwa, na hakuna anayemcheka. Tena wepesi huu umefungua mlango kwa watu ambao gemu nyingine zimewafungia: mwenye mikono inayotetemeka, mtu mzima ambaye hajawahi kugusa gemu, asiye na kasi ya vidole. Ni gemu chache ambazo watu wawili wanaweza kukaa mbele ya skrini moja, mmoja ameshika kipanya na mwingine ananyoosha kidole, "huyo hapo, chini ya kiti, huoni?" Na anayetaka kuteseka kaandaliwa: kuna ngazi ya wabobezi, isiyo na mng'aro wa kukuonyesha pa kubofya, kidokezo chake kikichelewa kujijaza.

Katika hili mimi ni wa utetezi, ila nusu tu. Hoja ya kupumzika ikikubaliwa yote, hakuna gemu mbovu tena duniani. Kila takataka itajifunika shuka hilo. Gemu ya kupumzikia inayokuudhi imeshindwa kazi yake kuliko hata ile ngumu inayokuudhi, maana ngumu haikuahidi utulivu.

Sasa kinachoudhi ni nini hasa? Mwaka 1980 wanasaikolojia Anne Treisman na Garry Gelade walichapisha nadharia ambayo kila mchoraji wa picha hizi angefaa kuibandika ukutani. Kitu kinachotofautiana na wenzake kwa sifa moja, kwa mfano chekundu kati ya vya kijani, hujitokeza chenyewe. Wenzake wakiongezeka, jicho halichelewi. Lakini ukitafuta mchanganyiko wa sifa, kwa mfano herufi T ya kijani iliyozungukwa na T za kahawia na X za kijani, inabidi uzikague moja moja.

Mchoraji hodari anaishi katika eneo hilo la pili. Kitu anakiweka kweupe, kina mwanga, kina ukubwa wa kutosha, ila amekiazima umbo au rangi ya jirani. Uma umekuwa mti mmoja katika ua. Nyoka amekuwa mkono wa kiti. Jicho limeshamwona nyoka zamani, akili ndiyo iliyompa jina la kiti, na siku ikigundua kosa lake inacheka. Mchoraji mvivu naye hulinyima jicho taarifa: anapunguza mwanga, anapunguza ukubwa, anafunika robo tatu ya kitu kwa pazia. Hapo hakuna cha kutambua. Unabahatisha, na ukipatia hujisikii mwerevu.

Udogo peke yake, hata hivyo, hauna hatia. Hidden Folks ya mwaka 2017, yenye michoro ya mkono ya rangi nyeusi na nyeupe na sauti zilizotolewa kwa mdomo, imejaa vijitu vidogo kama sisimizi. Lakini kila unayemtafuta ana sentensi inayomweleza, na sentensi hiyo ndiyo njia: ikikuambia mtu amechoka na jua, unaanza na vivuli vya miti. Unatafuta kwa kufikiri. Ndiyo maana sikuwahi kuona nimetapeliwa mle, hata nilipokesha.

Kuna hila nyingine isiyo ya macho, nayo ni ya maneno. Orodha ikiandika "bow" kwa Kiingereza, ni upinde wa mishale, utepe uliofungwa fundo, au fimbo ya kupigia fidla? Vyote vitatu vimo kwenye picha, na ukibofya kisicho chenyewe unahesabiwa kosa. Wapo wanaosema huo ndio utamu, na kwa sisi tunaocheza kwa lugha ya kujifunza kuna faida ya kweli. Majina ya vifaa vya useremala ya Kiingereza mimi niliyajulia humo kuliko darasani. Lakini fikiria orodha ya Kiswahili iliyoandika "ndege, tai, paa". Ndege wa mbawa au wa injini? Tai wa angani au wa shingoni? Paa mwenye miguu minne au la nyumba? Ningeifurahia sana orodha hiyo kwa sharti moja: majibu yote sahihi yakubaliwe. Mtunzi akichagua moja kimoyomoyo na kuniadhibu kwa mengine, huko ni kubahatisha tena.

Kwenye mafumbo ya katikati nina subira kidogo zaidi, ingawa kuna mawili yanayonimaliza. La kwanza ni Mnara wa Hanoi, uliobuniwa na mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas mwaka 1883: kuhamisha sahani kutoka kijiti hadi kijiti bila kuweka kubwa juu ya ndogo. Sahani tatu zinahitaji hatua 7, na katika hatua hizo saba umeshaelewa siri yote. Tano zinahitaji 31, saba zinahitaji 127. Mtunzi anayeongeza sahani ili "kuongeza ugumu" ameongeza kibarua tu. Kufikiri kuliisha zamani. La pili ni vigae 15 vya kusukuma ndani ya fremu yenye nafasi moja wazi. Tangu mwaka 1879 imethibitishwa kihisabati kwamba nusu ya mipangilio ya vigae hivyo haitatuliki kamwe, kwa hiyo anayevichanganya kwa kuvitupa ovyo bila kukagua anaweza kukupa mlango usiofunguka. Watetezi hujibu: si kuna kitufe cha kuruka? Kipo, na heri kiwepo. Ila nimeona kinavyowalegeza watunzi. Fumbo bovu linaachwa lilivyo kwa kuwa mchezaji ataliruka, kama mpishi anayezidisha chumvi kwa sababu mezani kuna maji.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote, na ambalo wahakiki wengi hulichekea tu, liko mkobani. Mkononi nina kisu, mkasi na shoka. Mbele yangu kuna kamba. Nikijaribu kisu, gemu inaniambia, "Hicho hakifai hapa." Mkasi, haufai. Shoka halifai. Kumbe natakiwa nirudi vyumba vitano nyuma, nivunje chupa, nichukue kipande cha kioo, nije nikate kamba kwa kioo, na kioo kikishakata kinapotea mkobani. Kisu nacho, kikija kutumika, kitabandua ganda moja la rangi ukutani kisha kitavunjika. Hapa hadithi na mafumbo vinasalitiana. Gemu imeniambia mimi ni mpelelezi, halafu inanizuia kutumia akili ya mtoto wa miaka sita. Wanaoitetea husema bila hivyo gemu ingeisha kwa saa moja. Basi na iishe kwa saa mbili nzuri badala ya tano za kutumwa kama tarishi. Zipo zinazokubali chochote chenye makali, na zipo zinazokupa nyundo moja ya kutembea nayo tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo inawezekana.

Tukija kwenye nyota tunazozigawa, tatizo liko pia kwetu wachezaji. Big Fish Games walizoesha watu kujaribu gemu kwa dakika 60 bila malipo, jambo zuri kwa mnunuzi. Lakini nyota nyingi hutolewa hapo hapo, dakika ya 61, na watunzi wanajua. Saa ya kwanza inapakwa rangi mpaka inang'aa; sura ya nne unakuta vyumba vimepungua, picha zinarudiwa, mwovu anaeleza sababu zake zote kwa pumzi moja. Halafu kuna toleo la wakusanyaji, ambalo bei yake kwa kawaida hukaribia mara mbili ya la kawaida, lenye sura ya ziada, mwongozo na picha za kupamba kompyuta. Sura ya ziada ikiwa hadithi ya pembeni, sawa, mwenye nacho anunue. Ikiwa ndiyo mwisho wenyewe uliokatwa kwenye gemu ukawekewa bei, nyota moja inashuka papo hapo.

Za simu zinazochezwa bure, kama June's Journey ya Wooga ya Ujerumani, ningeziweka kando kabisa. Picha moja unairudia tena na tena kukusanya nyota, nguvu zikikuishia unasubiri au unalipa. Wapo wanaopenda mbio hizo, nami nimezionja, lakini mara ya tano hutafuti tena, unakumbuka. Ni mchezo mwingine uliovaa nguo za huu.

Siku hizi nikicheza naweka karatasi pembeni. Kila nikibofya kidokezo naandika nilichosema kilipofunuka. Juzi nimemaliza gemu ya kijiji chenye ukungu: vidokezo tisa, "alaa!" sita, "hivi kweli?" tatu, na kamba moja niliyolazimishwa kuiunguza kwa mshumaa huku panga liko mkobani. Nimeipa nyota tatu na nusu. Mwenye barakoa alikuwa ni daktari yule mpole.