Manjano yasiyoisha: nesi amtulize mama au amtume hospitali?

Kati ya watoto 10 waliozaliwa wakiwa wametimiza miezi, takriban 6 huwa na manjano katika wiki ya kwanza. Kwa njiti hufika 8. Karibu wote hupona, na wanaonyonya maziwa ya mama pekee wanaweza kubaki na manjano hata mwezi mzima bila kudhurika. Kwa hiyo nesi wa zahanati anapomwambia mama "mwanike juani asubuhi, yataisha," anasema alichokiona kwa macho yake miaka na miaka.

Lakini yupo mtoto ambaye jua halimsaidii. Mirija inayoshusha nyongo kutoka kwenye ini lake imeziba, ugonjwa ambao madaktari huuita atresia ya mirija ya nyongo. Ulaya na Marekani humpata mtoto mmoja kati ya 10,000 hadi 20,000. Nesi anaweza kustaafu bila kukutana naye. Na mtoto mwenyewe haonekani mgonjwa: ananyonya, ananenepa, analala. Kinachomsema ni nepi. Choo kinapauka, kinakuwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, wakati mkojo, ambao kwa mtoto mchanga huwa karibu hauna rangi, unaacha doa la njano iliyokolea.

Tiba ipo tangu 1959, pale daktari wa upasuaji wa Japani, Morio Kasai, alipochapisha njia yake ya kuondoa mirija iliyoziba na kushona kipande cha utumbo kwenye ini ili nyongo ipate pa kupita. Ila ina muda wake. Kabla ya siku ya 60 matumaini ni makubwa zaidi. Kila wiki inayopita ini linazidi kuwa na makovu. Asiyefanyiwa upasuaji wala kupandikizwa ini, kwa kawaida hafiki miaka miwili au mitatu.

Je, basi kila mtoto mwenye manjano baada ya wiki mbili apewe rufaa? Wanaosita wana hoja nzito. Mama huyo pengine ana mshono wa upasuaji ambao haujapona, na nauli ya kwenda hospitali ya mkoa ni ya kukopa. Anakaa foleni kutwa nzima na kichanga katikati ya wagonjwa, kisha anaambiwa mtoto ni mzima. Wengine hutishika hadi wakaacha kunyonyesha, na hasara hiyo ni ya kweli. Nao wauguzi wakituma kila mtu, hospitali italemewa na rufaa za zahanati zitapuuzwa.

Naikubali hoja hiyo, lakini inazuia rufaa ya kila mtoto, haizuii kuuliza. Swali la rangi ya choo halina gharama, na kufungua nepi ni dakika moja. Taiwan walianza 2004 kuweka kadi ya rangi za choo ndani ya kijitabu cha kliniki cha kila mtoto, mama akalinganisha mwenyewe nyumbani. Kabla ya kadi, karibu theluthi moja ya waliopasuliwa ndio walioondokewa na manjano. Baadaye wakafika takriban 60 kwa kila 100. Kadi nayo ina kasoro: rangi hazionekani sawasawa kwa taa hafifu, na wapo watoto ambao choo chao hupauka taratibu. Kwa hiyo kuangalia mara moja hakutoshi. Choo kikipauka, kinachofuata ni kipimo cha damu kinachotenganisha aina mbili za bilirubini, ile rangi ya kwenye damu inayoleta manjano. Aina iitwayo "ya moja kwa moja," ambayo ini limeshaichakata lakini imekosa pa kutokea, ikiwa juu, hapo rufaa ni ya haraka.

Wapo wanaosema ni ukatili kumgundua mtoto mahali ambapo wapasuaji wa watoto ni wachache, na kupandikiza ini kwa wengi ni safari ya India. Mimi naona kinyume. Anayegunduliwa mapema ndiye mwenye nafasi ya kuishi kwa ini lake mwenyewe, bila kuhitaji safari hiyo.

Kinachonisumbua zaidi ni ratiba. Mama akiona mtoto ananenepa, mara nyingi hurudi kliniki kwa chanjo ya wiki ya 6, yaani siku ya 42. Kufikia siku ya 60 zinabaki siku 18 za kupima damu, kupata rufaa, kufanya ultrasaundi na kumpata mpasuaji. Swali la choo liulizwe siku ya 14, hata kwa simu ya mhudumu wa afya wa kijiji.