Mke mwenye presha ya mimba na haki yake ya kuhudumiwa

Mjamzito wa hapa Tanga akirudi kutoka kliniki na habari kwamba presha yake imepanda na ameambiwa aache kazi nzito, swali la kwanza linaloulizwa nyumbani mara nyingi si presha imefika ngapi, bali ni nani atakayepika. Swali lenyewe si baya, kwa kuwa watu lazima wale, na nyumba ambayo moto wake umezimika haikaliki. Ubaya ni kwamba huulizwa kwa namna ya kumsuta, kana kwamba mwenye mimba ndiye aliyejiletea dhiki ile, na baada ya siku mbili tatu swali hugeuka fatwa: mke mwema hakai kitako huku mumewe akiteka maji, mwenye imani hategemei vidonge kuliko Mola wake, na bibi zetu walijifungua jembe likiwa mkononi. Ninaandika makala haya kuwapinga wasemao hivyo, tena ninawapinga kwa hoja za dini ileile wanayodai kuitetea.

Hali hiyo niliipitia katika mimba yangu ya pili, nikiwa mke wa dereva wa lori la saruji, katika nyumba ya ukoo hapa Makorora tunamokaa na mavyaa yangu, wifi yangu na watoto wa mashemeji. Sisemi, basi, kwa kusimuliwa.

Presha ya mimba ni ugonjwa wa hila kwa sababu mara nyingi hauumi. Kipimo kikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, na hasa mkojo nao ukionyesha protini, hatari imekwisha kuingia nyumbani, ilhali mwenyewe anaweza kuwa anacheka, anakula vizuri na anasukwa nywele barazani. Ndiyo maana huambiwa anadeka. Mwenye homa huonekana akitetemeka na aliyevunjika mguu huonekana na hogo lake, lakini huyu hana cha kuonyesha isipokuwa tarakimu mbili zilizoandikwa kwenye kadi ya kliniki, na tarakimu hazimtii mtu huruma. Dalili zinazoonekana huja baadaye: kichwa kinachouma bila kutulia, macho yanayoona vimulimuli, maumivu chini ya kifua, uso na mikono kuvimba. Wakati mwingine huja saa chache tu kabla ya degedege la kifafa cha mimba, na wakati mwingine degedege lenyewe ndilo dalili ya kwanza. Tatizo hilo huanzia kwenye kondo la nyuma, na halimalizwi na chochote isipokuwa mtoto na kondo lake kutoka, kwa hiyo madaktari hulazimika kupima kila wiki: mtoto akae ndani akomae, au atolewe mama apone.

Hapa nitende haki kwa upande wa pili. Kupumzika hakuna maana ya kulala kitandani kutwa kucha. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2011 hayaungi mkono kumlaza kitandani moja kwa moja mjamzito mwenye presha, kwa kuwa haikuthibitika kwamba kulala huko kunamsaidia, na mtu asiyenyanyuka yumo katika hatari ya damu kuganda miguuni. Mavyaa yangu alipoyasikia hayo kwa muuguzi alifurahi sana, akadhani beseni la nguo limepata wakili. Lakini kutembea uani, kukaa kibarazani na kuchambua mchele ni jambo moja, na kupandisha ndoo mbili za maji, kuinamia jiko la mkaa na kudeki ukumbi mzima ni jambo jingine. Mwenye nia njema haoni tabu kuyatofautisha.

Kwa upande wa dini, hoja inayopendwa zaidi ni ya subira, na ushahidi wake huwa ni Bibi Maryam. Nimeisikia katika darsa za wanawake si mara moja: tazameni, katika Surat Maryam uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, naye katika hali ile ile akaamrishwa alitikise ili tende zimwangukie, kwa hiyo hata aliye katika uchungu hasamehewi kazi. Ninawaheshimu wanaosomesha, lakini aya hiyo huisoma nusu. Maryam alikuwa peke yake. Hakuwa na mume, mama mkwe, wifi wala jirani, na pale pasipokuwa na mtu, Mola wake ndiye aliyemhudumia: akamwekea kijito chini yake, akamwangushia tende mbivu, kisha akamwambia ale, anywe na atulize jicho lake. Nyumba yenye watu wazima watano ikimwachia mwenye mimba atikise mtende peke yake, hiyo haimfuati Maryam. Inamfanya awe mkiwa katikati ya watu. Ipo pia hadithi kwamba mwanamke anayefariki kwa uzazi huandikiwa daraja ya shahidi, nami ninaiamini. Imekuja kuwafariji waliofiwa. Kuitaja mbele ya mtu aliye hai, ambaye kadi yake imeandikwa 160 kwa 110, ili akubali kuendelea kufua, ni ukatili uliovishwa kanzu.

Na kwa kuwa tunapenda kusema kwamba pwani hii ni ya madhehebu ya Shafi'i, na mji wetu una vyuo vilivyosomesha masheikh wa nchi nyingi, tuifungue fikihi yenyewe. Wanazuoni wa Shafi'i hawakuhesabu kupika, kufua na kufagia kuwa ni wajibu wa kisheria wa mke kwa mumewe. Waliyaona kuwa ni hisani yake na mazoea mema ya watu. Zaidi ya hayo, katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kilichosomwa vyuoni pwani nzima, imeandikwa katika mlango wa matumizi anayopewa mke kwamba mke akihitaji kuhudumiwa kwa sababu ya ugonjwa, ni wajibu wa mume kumpatia wa kumhudumia. Imeandikwa ni wajibu, haikuandikwa kwamba ni vizuri akiweza. Ninajua mume wa Makorora hana fedha ya kuajiri mtumishi, lakini ana mikono, na ana dada na wapwa. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Mume wangu aliijua hadithi hiyo tangu chuoni. Hata hivyo, siku za mwanzo alikuwa akifua usiku, taa ya uani ikiwa imezimwa, ili jirani asimwone na kanga zangu kwenye kamba. Baadaye usingizi ulimshinda, maana alfajiri ni lazima awe njiani, akaanza kufua Jumapili asubuhi hadharani, na mtaa haukuanguka.

Jambo ambalo wengi hawalielewi, na ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi, ni kwamba kutunza nyumba hakupotei mikono ya mwenye nyumba inapopumzishwa. Nilitandikiwa mkeka kwenye korido inayotazama jiko, mto chini ya ubavu wa kushoto, na kutoka hapo niliendesha nyumba. Mtoto wa shemeji yangu, kijana wa kidato cha pili, hakuwahi kuikalia mbuzi ya nazi maishani mwake. Siku ya kwanza alikuna hadi kwenye kifuu, tui likatoka na rangi ya kahawia. Nikamwambia azungushe nazi taratibu na aache mara tu weupe unapokwisha. Siku iliyofuata aliuliza kutoka jikoni, "Mama mdogo, tui zito nilimimine sasa?" Nikamjibu hapana, aanze na tui jepesi, samaki waivie humo pamoja na ukwaju, na tui zito alitie mwisho, moto ukiwa mdogo, huku akilikoroga bila kuondoa mkono, vinginevyo litakatika. Lilikatika. Tulikula hivyo hivyo, na mavyaa yangu hakusema neno, jambo ambalo kwa anayemfahamu ni tukio kubwa. Wiki zilizofuata yeye mwenyewe alihamisha kigoda chake jikoni akawa anamsimamia mjukuu wake, akinipigia kelele kutoka huko kuuliza iliki nimeiweka wapi. Kujua kilichobaki kwenye debe la mchele, kujua nani anadaiwa na muuza samaki wa Mgandini na mtoto yupi ana mtihani kesho, hiyo ndiyo kazi ya mama wa nyumba, na kazi hiyo haipandishi presha. Au tuseme, hupandisha kidogo siku ya mwisho wa mwezi.

Ibada nayo ina wepesi wake, na sheria yake i wazi kiasi kwamba sitakaa hapo sana. Asiyeweza kusimama asali amekaa, na asiyeweza kukaa asali kwa ubavu. Hivyo ndivyo Mtume alivyomwelekeza sahaba wake Imran bin Huswayn. Kwa saumu, mjamzito anayechelea nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, hula na kulipa siku zake baadaye. Anayechelea mtoto peke yake hulipa na kuongeza kibaba cha chakula kwa kila siku. Anayefunga Ramadhani akiwa na dawa za kumeza mara tatu kwa siku, kwa sababu anaona haya kuonekana anakula, ameacha rukhusa ya Mola wake kwa ajili ya macho ya watu.

Macho hayo hayo ndiyo yanayotuchelewesha kliniki. Kwetu mimba changa hufichwa kwa kuogopa kijicho, na wapo wanaoificha hadi tumbo lijiseme lenyewe. Sikejeli hofu hiyo. Nimekunywa kombe la zafarani, nimesomewa Yasini, na mama yangu alikuwa akinisomea kinga kila magharibi. Lakini mwenye historia ya presha anatakiwa aanze aspirini ya kiwango kidogo mapema, kabla ya wiki ya 20, kwa maelekezo ya mtoa huduma, na dawa hiyo haiwezi kumfikia mtu ambaye hajamwambia muuguzi kwamba ana mimba. Mfiche jirani, mfiche hata wifi ukiona vyema, ila usimfiche anayepima. Jirani yangu Mkristo aliniambia kwao hofu ni ile ile, ila akishajulikana, jumuiya ndogondogo hupanga zamu za kumchotea maji na kumpikia. Jambo hilo nililionea wivu, kwa sababu sisi zamu hizo tunazipanga vizuri sana kwenye misiba.

Linabaki jambo la ruhusa, ambalo linaua. Mwanamke anapata vimulimuli saa nane za usiku, mume yuko njiani kurudi kutoka Horohoro na simu yake haipatikani, na watu wazima waliomo ndani wanasema asubiriwe mwenyewe arudi, kwa kuwa mke hatoki bila idhini. Dharura ya uhai haingoji idhini kwa mwanachuoni yeyote ninayemjua. Vifo vya uzazi nchini vimepungua sana, kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022, na sasa upo mfumo wa m-mama ambao kwa kupiga 115 bila malipo mjamzito mwenye dharura hutafutiwa usafiri. Hospitali zina sindano ya magnesiamu salfeti, ambayo utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa hupunguza uwezekano wa degedege kwa zaidi ya nusu. Lakini mwanamke wa Mkwaja au Kipumbwi, kusini mwa Pangani, anayepelekwa Tanga mjini bado atakutana na Mto Pangani na kivuko chake, na kila dakika inayoliwa nyumbani na mjadala wa nani aseme ndiyo, hairudi pale Bweni, kwenye ng'ambo ya kusini ya kivuko.

Kwa hiyo ninawaomba waume wenye wake wa namna hii waitoe ruhusa hiyo mapema, mchana, wakiwa na utulivu, na waitoe kwa sauti mbele ya mama zao na jirani wa mlango wa pili: ikitokea hili au lile, aondoke, msinitafute kwanza. Wangu alifanya hivyo baada ya sala ya Ijumaa, akaacha fedha ya bajaji kwa mavyaa yangu, akaiandika 115 kwa chaki nyuma ya mlango. Na masheikh wetu ninawaomba kwamba wanapomnasihi bwana harusi siku ya ndoa, baada ya kumkumbusha bibi harusi utiifu, wamsomee naye ule mstari wa Minhaj kuhusu mke mgonjwa, kwa Kiswahili, na mbele ya mama yake mzazi.