CT scan kwa watoto: mionzi kiasi gani, na picha safi kiasi gani?

Mtoto mchanga na mtu mzima wakipigwa CT scan (picha za ndani ya mwili zinazotengenezwa kwa mionzi ya eksirei) kwa mashine moja bila mpangilio wake kubadilishwa, viungo vya mtoto ndivyo vinavyopokea dozi kubwa zaidi ya mionzi. Takriban sentimita 4 za nyama ya mwili hupunguza nguvu ya mionzi kwa nusu, kwa hiyo unene wa tumbo la mtu mzima huvikinga viungo vya katikati, ilhali katika tumbo jembamba la mtoto mionzi hufika kila mahali ikiwa bado na nguvu nyingi. Isitoshe, seli za mtoto zinagawanyika kwa kasi, na miaka iliyo mbele yake inatosha kabisa kwa saratani inayochelewa kujitokeza. Hata hivyo, daktari anayeomba kipimo hicho mara nyingi anatafuta damu iliyovuja kwenye ubongo, utumbo uliopasuka, au uvimbe ambao usipoonekana mapema utamwua mtoto kabla saratani yoyote ya mionzi haijapata nafasi. Pande zote mbili za mvutano huu zina uzito, lakini naona mjadala wake umeelemea mahali pasipofaa: dozi ndogo imegeuzwa kuwa lengo lenyewe, wakati lengo la kipimo ni kupata jibu.

Hofu iliyopo haikuzuka bure. Mwaka 2001 David Brenner na wenzake wa Marekani walichapisha makadirio kwamba kati ya watoto wapatao 600,000 wa chini ya miaka 15 waliokuwa wakipigwa CT scan ya kichwa au tumbo nchini humo kila mwaka, takriban 500 wangekuja kufa kwa saratani iliyotokana na mionzi hiyo. Yalikuwa makadirio yaliyojengwa juu ya takwimu za manusura wa mabomu ya atomu ya Japani, hayakutokana na kuwafuatilia watoto wenyewe. Ufuatiliaji ulikuja baadaye. Mwaka 2012 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliohusu zaidi ya vijana na watoto 170,000, ambao ulionyesha kwamba dozi iliyojumlishwa ya takriban miligrei 50 (miligrei ni kizio cha mionzi inayofyonzwa na mwili) kwenye uboho iliambatana na hatari ya saratani ya damu iliyokaribia mara tatu, na dozi ya takriban miligrei 60 kwenye ubongo iliambatana na ongezeko la kiasi hichohicho kwa uvimbe wa ubongo. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa zaidi, uliofanyika katika nchi 9 za Ulaya kwa watoto na vijana karibu 950,000: kati ya watoto 10,000 wanaopigwa CT scan kwa dozi za siku hizi, mmoja au wawili wanatarajiwa kupata saratani ya damu inayotokana na mionzi hiyo katika miaka 12 inayofuata.

Wapo wataalamu wanaozikosoa hesabu hizi, na hoja yao nzito kuliko zote inahusu chanzo na matokeo. Mtoto hapelekwi kwenye CT scan akiwa mzima. Huenda maumivu ya kichwa yaliyomfikisha pale yalikuwa tayari ni dalili ya uvimbe, au ana ugonjwa wa kurithi unaozidisha uwezekano wa saratani, na hapo kipimo kinabebeshwa lawama isiyo yake. Watafiti wa karibuni wamejaribu kuondoa utata huo kwa kuwatoa kwenye hesabu wagonjwa waliogunduliwa na saratani muda mfupi baada ya kipimo. Chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani nacho kilitoa msimamo mwaka 2011 kwamba hatari ya kipimo kimoja cha chini ya milisiveti 50 (kizio cha uzito wa dozi kwa mwili mzima) ni ndogo mno kuweza kugundulika, na huenda haipo kabisa. Kwangu mimi, baada ya takwimu za Ulaya msimamo huo ni mgumu kuutetea kwa watoto. Lakini mzazi anayemkatalia mwanawe kipimo kinachohitajika kwa sababu ya uwezekano wa mmoja au wawili kati ya 10,000 anaikimbia hatari ndogo na kuiendea kubwa, na wataalamu tuliozungumzia mionzi kwa sauti kubwa bila kutaja kiwango cha hatari hiyo tuna sehemu yetu katika uamuzi wake.

Upande wa pili wa mizani ni picha. Mionzi inapopungua, picha hujaa chenga kama zile za televisheni yenye mawimbi dhaifu, na chenga hizo huongezeka kwa kanuni inayojulikana: dozi ikipunguzwa kwa nusu, chenga huongezeka kwa takriban asilimia 41, ikipunguzwa hadi robo, huwa maradufu. Kwa kuwa mwili wa mtoto ni mwembamba, mashine inaweza kushusha dozi sana na bado ikatoa picha yenye chenga zilezile za picha ya mtu mzima, na huo ndio msingi wa mipangilio ya watoto inayofuata umri, uzito au upana wa mwili. Kuna jambo, hata hivyo, ambalo husahaulika mara nyingi. Mtoto ana mafuta machache kati ya viungo vyake, na mafuta hayo ndiyo yanayosaidia jicho kutenganisha utumbo na kongosho au kibole. Viungo vyenyewe pia ni vidogo. Picha yenye chenga zinazovumilika kwa mtu mzima inaweza kuwa na chenga nyingi mno kwa mtoto wa miaka 3. Kichwa nacho kina hesabu yake, kwani ubongo wa mtoto wa miaka 6 umekwisha kufikia takriban asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, na fuvu lake linazuia mionzi kwa kiasi kinachokaribia cha mtu mzima. Anayekata dozi ya kichwa kwa kiwango kilekile anachokata dozi ya tumbo atapata picha isiyosomeka.

Picha isiyosomeka ndiyo hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu mtoto amepata mionzi na hakupata chochote. Kipimo kitarudiwa, pengine baada ya kuchomwa tena dawa ya usingizi, au kibaya zaidi hakitarudiwa na ripoti itaandikwa juu ya picha ambayo msomaji wake hakuwa na hakika nayo.

Kwa hiyo ubora wa picha haupimiki peke yake. Unapimika kwa swali lililoulizwa. Mifupa, mapafu na mawe ya figo hujitenga wazi na kilicho pembeni, na daktari anaweza kuyasoma katika picha yenye chenga nyingi. Uvimbe mdogo kwenye ini, au sehemu ya ubongo iliyoanza kukosa damu, hutofautiana na nyama ya jirani kwa kiasi kidogo sana, na hapo kila dozi inayoondolewa inaondoa uwezo wa kuona. Wakati mwingine fizikia yenyewe huturahisishia kazi: mgonjwa akichomwa dawa yenye iodini, kushusha volti za mashine kutoka kilovolti 120 hadi 100 au 80 huifanya iodini ing'ae zaidi kwenye picha, na mtoto mwembamba hupata dozi ndogo pamoja na mishipa inayoonekana vizuri. Mengine ni uamuzi wa kawaida tu. Kupiga tumbo la mtoto kabla ya dawa na kulirudia baada ya dawa huzidisha dozi karibu mara mbili, na kwa watoto walio wengi awamu ya kwanza haibadilishi tiba.

Afrika Mashariki, nafasi ya kupunguza dozi bila kuumiza tiba iko wazi zaidi kwa watoto wenye vichwa vikubwa, yaani waliojaa maji ndani ya ubongo. Mtoto aliyewekewa mrija wa kutoa maji kichwani huenda akapigwa CT scan tena na tena, kila anapotapika au kulegea, kwa sababu mrija unaweza kuziba. Swali la daktari wa upasuaji hapo ni moja: je, vyumba vya maji ndani ya ubongo vimepanuka kuliko mara iliyopita? Swali hilo hujibiwa na picha yenye chenga nyingi, kwa dozi iliyo sehemu ndogo ya ile ya kawaida, na utosi ukiwa bado haujafunga linaweza kujibiwa kwa altrasaundi bila mionzi yoyote. Katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, Uganda, Benjamin Warf na wenzake waliendeleza tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 upasuaji wa kufungua njia ya maji kwa kamera, unaowaepusha watoto wengi na mrija wenyewe. Njia hiyo, ijapokuwa haikubuniwa kwa ajili ya mionzi, inampunguzia mtoto sababu za kurudi kwenye mashine.

Programu mpya za kuunda picha, zikiwemo za akili mnemba, zinanadiwa kuwa zimeumaliza mvutano huu. Ni kweli zinaondoa chenga, na kituo kinachozitumia kinaweza kushusha dozi kwa kiasi cha maana. Ila chenga zikiondolewa, kitu hafifu kilichokuwa kimefichwa nazo hakirudi lazima, na tafiti zimeonyesha vidonda vyenye tofauti ndogo vikipotea kwenye picha inayovutia macho. Watafiti walioshughulikia vichwa vikubwa vya watoto walizishusha ubora makusudi picha za CT scan na kuwapa madaktari bingwa waamue kama zinafaa kupanga tiba. Picha nyingi hafifu zilikubalika kama zilivyo, ilhali zile zilizosafishwa kwa akili mnemba zilionekana bora lakini zikawa na hatari ya kuonyesha maumbile yasiyokuwa ya mtoto huyo. Picha yenye chenga humwambia daktari kwamba asiamini kupita kiasi. Picha laini haimpi onyo hilo.

Katika nchi zetu tatizo kubwa liko chini zaidi ya programu hizo. Uchunguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki uliochapishwa mwaka 2010, ukiongozwa na Mtanzania Wilbroad Muhogora na kuhusisha nchi 19 zinazoendelea, ulikuta vituo vinavyowapiga watoto kwa mipangilio ya watu wazima, na tofauti kubwa za dozi kati ya kituo na kituo kwa kipimo kilekile. Dawa inayopendekezwa ni viwango rejea vya dozi vya kitaifa, ambavyo huwekwa mahali ambapo robo tatu ya vituo viko chini yake. Naviunga mkono, kwa sharti kwamba visisomwe kama mtihani wa kufaulu au kufeli: kituo kilicho chini sana kinapaswa kuulizwa kuhusu picha zake kwa bidii ileile anayoulizwa aliye juu sana. Namba zenyewe nazo zinahitaji uangalifu, maana dozi ya tumbo inayosomeka kwenye mashine mara nyingi imepimwa kwa silinda ya plastiki yenye kipenyo cha sentimita 32, inayoiga kiwiliwili cha mtu mzima, na kwa mtoto mdogo dozi halisi inaweza kuwa mara mbili ya iliyoandikwa au zaidi.

Dozi inayoondolewa kabisa ni ile ya kipimo kisicho na sababu ambacho hakikufanyika. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 kwa watoto 42,412 walioumia kichwa ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja walipigwa CT scan, ilhali waliokuwa na jeraha la ubongo lenye uzito hawakufika asilimia 1, na ulitoa vigezo vya kuwatambua wasiohitaji kipimo. Hata hivyo, vigezo hivyo humwachia daktari, kwa watoto walio katikati ya hatari ndogo na kubwa, chaguo la kumweka mtoto chini ya uangalizi kwa saa kadhaa. Mtoto aliyegongwa na bodaboda, ambaye nyumbani kwao ni mwendo wa nusu siku kutoka kwenye mashine iliyo karibu, hana chaguo hilo kwa namna ileile. Kwake kipimo cha leo kinaweza kuwa sahihi pale ambapo mjini kingesubiri. Kwa sababu hiyo ningependa fomu ya kuomba CT scan ya mtoto iwe na nafasi tatu ambazo haziruhusiwi kubaki wazi: swali linalotafutiwa jibu, vipimo vya mionzi alivyokwisha kufanyiwa, na uzito wake. Anayeendesha mashine akiwa na hayo matatu anaweza kuchagua chenga kiasi gani zinavumilika. Akipewa neno “kichwa” peke yake, atatumia mpangilio alioukuta.